Mhusika Mkuu wa Chumbi

Juzi, katika ofisi moja ya Ikwiriri, tulikuwa tunasubiri muhuri huku tukitazama tamthilia. Binti mhusika mkuu aliajiriwa asubuhi, na kabla ya tangazo la sabuni alishakuwa mkurugenzi.

"Huyu hajaamia shamba kufukuza ndege hata siku moja," akasema bibi mmoja wa Chumbi, ambaye mafuriko yamemzolea mpunga mara mbili na sasa alikuja kuomba mbegu.

Karani hakugeuka. "Mwenye muhuri hayupo, bibi. Rudi Jumatatu."

"Jumatatu napanda. Maji yameshashuka."

"Utapanda nini, na mbegu huna?"

Bibi akafunua kikapu chake. "Hizi za nusu shamba. Tumelala na njaa, sikuzipika. Naomba za nusu iliyobaki."

Karani akazima runinga, akasimama. "Shikamoo, bibi."

Muhuri, kumbe, ulikuwa kwenye mtoto wa meza. Nimeuona ukitolewa kwa vyeo na kwa simu kutoka juu. Kwa kikapu cha mpunga, sikuwa nimepata kuona.