Sanduku la Ludo Bila Ludo

Jumamosi, kwenye duka la vyombo vya plastiki pale Nakivubo, mume na mke walikuja na bodi yao ya ludo na kete zake wapate kuipima ndani ya masanduku. Walitaka sanduku litakalotosha ludo, drafti na ile picha ya vipande vya kuunganisha ambayo watoto wao huitawanya chini ya viti. Mume alipoanza kukusanya kete, mke akamnyang'anya.

"Nyekundu ni zangu! Jana uliniibia."

Wakacheka mpaka muuzaji naye akacheka.

Mwanamke aliyesimama kando yangu, mteja kama mimi, hakucheka. Aliwatazama mpaka walipolipa na kutoka, mume amelibeba sanduku begani.

"Nipe kama lile lao," akamwambia muuzaji.

"Bodi yako ina ukubwa gani, nyabo?" muuzaji akamuuliza mama huyo kwa heshima.

"Sina bodi."

"Sasa utaweka nini?"

"Wewe nipe tu. Mume wangu akiliona, labda atauliza ni la nini."

Muuzaji akalipangusa sanduku vumbi, akampa. Nilitaka kumcheka, lakini macho yangu pia yalikuwa bado mlangoni. Wivu wa gari la jirani nimeuzoea. Huu wa kutamani kuibiwa kete na mtu wa nyumbani kwako, sijui dawa yake inauzwa duka gani.