Kona za Kaunta Zilizoondoka

Mama anayepiga deki kliniki kwetu hakati ukumbi moja kwa moja. Huanzia mlangoni, hupinda kushoto penye nafasi tupu, huzunguka kitu kisichoonekana, ndipo huendelea, mgongo umeinama, midomo ikinong'ona. Jengo hili lilianza kama duka kubwa la nguo na manukato, likawa ghala, likawa shule ya jioni, sasa ni letu. Yeye amelideki miaka yote hiyo. Mimi wa mapokezi nilikuwa nikimcheka kimoyomoyo.

Juzi mafundi walikuwa wakisukuma mashine mpya ya eksirei, nzito kama gari, kuelekea pembeni. Akalaza dekio lake njiani mwao.

"Hapo hapana, wanangu."

"Kuna nini, mama?"

"Palikuwa na lifti ya mizigo. Shimo waliliziba kwa mbao tu, wakatandika vigae."

Ramani yao haikuonyesha kitu. Fundi mkuu akapiga goti, akagonga kwa nyundo. Sakafu ikalia kama ngoma. Tulirudi nyuma sote, daktari akiwa wa kwanza.

Yeye alikamua tambara, akaendelea na kazi, akizunguka kona za kaunta zilizokuwepo enzi za duka. Tangu siku hiyo, nikiingia ukumbini, nami napinda kushoto.