Shangazi Pembeni mwa Picha

Kijitabu cha kumkumbuka baba nilikiandaa sebuleni kwa mama, hapa Likasi, kwa sababu katika familia yetu ni mimi niliye na kompyuta. Maneno yalikuwa machache: alikozaliwa, miaka yake ya kuvunja mawe ya chokaa Kakontwe, watoto, wajukuu, mistari ya Biblia aliyoipenda. Picha ndizo zilizojaa. Nilizitoa kwenye albamu, nikazipiga upya kwa simu karibu na dirisha, nikazipanga kurasa kwa kurasa.

Picha ya harusi mama aliitazama muda mrefu. Baba yuko katikati, mama kushoto, na kulia dada yake baba, shangazi yangu, mrefu, anacheka.

"Ule umutoe," mama akasema.

Sikuuliza sababu. Baada ya maziko ya baba, shangazi alikuja na gari akabeba vitu vya nyumba, hata mashini ya kushona ya mama, akisema ni mali ya kaka yake. Tangu siku hiyo yeye na mama hawakusalimiana tena. Nikausogeza ukingo wa picha mpaka shangazi akatoweka.

Kaka yangu wa Kolwezi, aliyempata mtu wa kutuchapia, alikuwa anasubiri nimtumie kwa barua pepe. Kijitabu kikakataa kwenda. Kilikuwa kizito mno. Nikampigia simu.

"Bana picha, zipunguke uzito," akaniambia. "Iko palepale mu programu. Bonyeza picha moja, utaona."

Nikabonyeza. Kisanduku kikafunguka, kikiniuliza nataka picha za ubora gani, za kuchapa au za kutazama kwenye skrini. Juu yake palikuwa na mstari mmoja uliokwisha kutiwa alama: futa sehemu zilizokatwa.

Kumbe shangazi sikuwa nimemtoa. Nilikuwa nimemfunika tu. Nikarudi kwenye picha ya harusi, nikaigusa mahali pa kukatia, na kweli akajitokeza pembeni, amefifia chini ya kivuli cha kijivu, bado anacheka.

"Mama, kuja uone."

Alitoka jikoni, mikono ina unga. "Si nilikwambia umutoe?"

"Amefichika tu, mama. Sasa programu inataka kumufuta kabisa."

Akajipangusa mikono, akavaa miwani, akainama mbele ya skrini. Nilidhani atasema fanya haraka.

"Hii robe alivaa ni minye nilimushonea," akasema. "Kitambaa hakikutosha. Nilipunguza ku robe yangu."

Nilimtazama usoni nisione hasira wala huruma, ila mtu anayepima jambo.

"Usimufute," akasema mwishowe. "Lakini batu basimuone."

Nikaondoa ile alama, nikachagua ubora wa kuchapa, nikabana. Mara hii kijitabu kikaenda.

Siku ya ibada ya kumkumbuka baba, shangazi alikuja kutoka Kambove bila kualikwa, akaketi benchi la nyuma. Baadaye, uani kwetu, nilimwona akifungua kijitabu. Alipofika kwenye harusi akakwama hapo. Kisha akamfuata mama.

"Mama ya batoto, hapa minye nilikuwa."

"Ulikuwa."

"Mulinikata."

"Ni minye nilisema bakukate," mama akajibu. "Mashini yangu ya kushona iko wapi?"

Shangazi akatazama chini.

"Iko. Lakini iliharibika. Haishone tena."

"Ulete vile iko."

"Nitaleta."

Hawakukumbatiana, wala hakuna aliyeomba msamaha. Nilisimama pale na trei ya vikombe, nisijue kama niondoke au nibaki. Mama ndiye aliyegeuka akaniambia nimletee shangazi yangu kiti. Nikakileta, nikakiweka kando ya cha mama. Wakakaa hapo wakiwatazama wajukuu wakigombania soda.