Nusu Saa kwa Ndege

Baba alipofariki Lubumbashi, simu ilinikuta sokoni Nchelenge, upande wa Zambia, nikigeuza dagaa juani. Aliyepiga ni mdogo wangu wa kiume, mtu aliyezaliwa mjini akakulia mjini, ambaye Ziwa Mweru kwake ni doa la buluu kwenye ramani.

"Yaya, kuya na ndege," aliniambia huku akilia. Kwetu yaya ni dada mkubwa. "Nimeangalia ku telefone. Toka Mansa mupaka huku ni nusu saa tu. Tutakungoyea ku aeropo."

Nilimweleza. Mansa uwanja wa ndege upo, ndiyo, lakini ndege ya abiria ya kunitoa pale hadi Lubumbashi sijapata kuiona, wala sijakutana na mtu aliyeipanda. Na kufika Mansa kwenyewe ni safari ya basi ya kuchosha. Simu yake ilipima anga kati ya viwanja viwili, basi. Haikuuliza kama kuna kitu kinachoruka.

"Iko ku telefone, yaya," alisema, na sauti ilikwisha kubadilika. Nilijua anachofikiri: dada ameolewa Zambia, ametusahau. Nilitamani kumtukana. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Katika ukoo wetu binti mkubwa ndiye anayetupa udongo wa kwanza kaburini. Nilitaka hicho tu, kumfukia baba yangu kwa mkono wangu.

Nikaenda ufukweni kutafuta boti ya Kilwa, hiyo ya Kongo, ng'ambo ya ziwa. Maji yalikuwa yamechafuka, hakuna nahodha aliyekubali kutoka. Tulivuka kesho yake. Ng'ambo nikapata lori la samaki, nalo likanasa kwenye tope, likanasuliwa, likanasa tena. Tulishuka, tukasukuma, tukapanda. Kila mara nilitazama juu nikaona mawingu tu, na nikachukia kwamba huko juu njia imenyooka.

Mtandao uliporudi, mdogo wangu aliniambia kwamba walipeleka gari uwanjani. Mama mwenyewe alikuwa ndani ya gari hilo. Ndege ilitua, watu wakatoka, mimi simo. Wajomba wakasema marehemu hawezi kuendelea kuwekwa kwa ajili ya mtu asiyetaka kuja. Asiyekuwapo na lake halipo. Udongo wa kwanza alitupa binamu yangu.

Nilikata simu. Nililia mbele ya dereva bila aibu mpaka tukaingia mjini.

Nilifika nyumbani kilio hakijavunjwa. Wanawake wa nyumba, mabinti na mashangazi, walikuwa chini kwenye mkeka pamoja na Mama, vichwa vimefungwa vitambaa. Waliokuja kutoa pole walikuwa kwenye viti vya plastiki, upande wa pili wa ua. Nilivua viatu, tope limenifika magotini, nikapiga magoti ukingoni mwa mkeka. Nilikuwa na maneno mengi ya kusema kuhusu boti na lori. Mama alinitazama, akatazama tope, na sikuona kama linamweleza chochote.

Akawageukia wasichana waliokuwa wakipika.

"Mugeni amefika," akasema. "Mumuletee kiti."

Kikaletwa. Nikakaa.