Kioo Kitupu cha Hadubini

Mwalimu wetu wa baiolojia, hapa chuoni Tabora, alikulia kwenye mizinga ya nyuki Usinge, na mpaka leo hufungua mlango wa maabara taratibu, utadhani nao utamuuma. Hapazi sauti. Hupita nyuma yetu sisi wa mwaka wa kwanza akirudia yale yale: "Mwanangu, chora ulichoona, usichore ulichokariri." Kisha hupuliza vumbi kwenye lenzi kama anayepoza uji.

Siku ya mtihani wa vitendo, nikifeli nilikuwa nadisko, yaani naondolewa chuoni na kurudi nyumbani Lusu kulima pamba. Nikachungulia hadubini: weupe mtupu. Levina, niliyekuwa naye meza moja na hadubini moja, alishachora seli ya kitunguu ya kupendeza. "Chora chochote wewe," akaninong'oneza, "pamba inakusubiri." Mkono ukagoma. Nikaandika: sioni kitu.

Mwalimu akasoma majibu yetu, akachomoa kwenye hadubini yetu kioo cha kuwekea sampuli na kukiinua juu. Kilikuwa kitupu; alikiweka hivyo makusudi.

"Levina, hicho kitunguu umekitoa jikoni kwenu?" Kisha akanigeukia. "Wewe umefaulu."

Nilishamwamkia asubuhi, lakini nikajikuta nasema tena, "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba," akaitikia, bila kucheka.