Shaban na Picha Zilizojaa Kioo

Shaban alikuwa muuza muvi Tunduma, kwenye barabara inayoteremka kwenda mpakani, na katika kazi yake hakuna kitu kilichomgombanisha na wateja kama mistari myeusi. Mtu ananunua CD asubuhi, kesho yake amerudi kanuna: juu mstari, chini mstari, picha imebanwa katikati.

"Mimi nimenunua TV ya inchi ishirini na moja," mmoja aliwahi kumfokea, "halafu wewe unaniuzia inchi kumi?"

Mwanzoni Shaban alijitahidi kueleza. Sinema hupigwa pana, alisema, na TV zenu hizi za chogo zina kioo cha mraba. Hiyo mistari ndiyo inayokufanya uone yote. Ukitaka picha ijae kioo, basi kushoto na kulia lazima vikatwe. Lakini nani alitaka somo? Mwisho akachoka. Akajifunza kuivuta picha kwenye kompyuta mpaka mistari ikapotea, akawa anauza muvi zilizojaa. Wateja wakaongezeka, hata Wazambia wa Nakonde wakawa wanavuka kumfuata yeye tu.

Ndivyo alivyofanya pia kwa filamu ya vijana wa hapo hapo Tunduma. Kiongozi wao, Shadrack, aliirekodi kwa kamera ya kuazima, kisa cha dereva wa lori aliyekwama foleni ya mpakani mpaka ndoa yake ikavunjika. Alimpa Shaban aisambaze. Shaban akakaa na filamu ile siku mbili, akaikata pande zote mbili, akaisafisha. Kompyuta ilikuwa imejaa, kwa hiyo ile pana akaifuta. Hakuona sababu ya kuitunza.

Mwaka wa pili baada ya hapo, mama mmoja wa makamo aliingia dukani, kanga mabegani, mkononi kashika CD aliyoifunga kwenye leso. Aliitwa Ferista, mkulima wa kahawa kutoka upande wa Mbozi Mission.

"Mwanangu, nisaidie," alisema. "Humu ndani kuna kijana wangu, Ipyana. Alikuwa anapakia mizigo hapa Tunduma, wakamchukua acheze kidogo. Sauti naisikia. Anasema, 'Mzigo umefika salama, bosi.' Lakini simwoni. Nimerudia, nimerudia, simwoni."

"Si umuulize mwenyewe alisimama wapi, mama?"

"Lori lilimwangukia mwaka jana, kule mteremkoni. Nina picha yake moja tu, ile ya kitambulisho. Hajacheka hata kidogo. Na yeye alikuwa mtu wa kucheka."

Shaban aliipokea CD, akaigeuzageuza kama mtu anayetafuta mkwaruzo. Alijua. Akakumbuka kabisa mahali pale, lori katikati, bosi kushoto, na upande wa kulia mtu aliyemkata kwa sababu alikuwa amekaa ukingoni.

"Filamu ilikuja hivi hivi, mama," akasema.

Ferista hakubisha. Aliifunga tena CD kwenye leso, akashukuru, akatoka. Raudha, mke wa Shaban, alikuwa nyuma akipanga makasha. Alisubiri mama yule afike mbali.

"Ilikuja hivi hivi?"

Shaban akavuta droo, akaanza kuhesabu chenji.

"Baba Fatu, mama wa watu amefiwa. Umemwongopea mfiwa."

Wiki nzima Shaban hakuwa na raha. Alifungua kompyuta, akapekua kila pembe, akampelekea fundi ajaribu kufufua vilivyofutwa. Havikufufuka. Akasikia kwamba Shadrack ameachana na filamu, yuko Mbangala anachimba dhahabu. Akafunga duka, akamfuata. Alimkuta kwenye rundo la mawe, mweupe kwa vumbi kuanzia kope mpaka magoti.

"Tepu zile?" Shadrack alisema. "Kaka, kamera haikuwa yangu. Mwenyewe alirekodia harusi juu yake. Mimi nilijua wewe unayo."

"Nilikuwa nayo."

Wakatazamana. Shaban akarudi Tunduma na siku mbili baadaye akashika njia ya Mbozi.

Ilikuwa msimu wa kuchuma. Ferista alikuwa uani anageuza kahawa juani. Alimtambua, akanawa mikono, akamkaribisha ndani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeipata?"

Njia nzima Shaban alikuwa amepanga maneno. Yote yakamtoka kichwani.

"Mama, nilisema uongo. Filamu haikuja vile. Ilikuja pana, kijana wako yumo. Mimi ndiye niliyemkata ili kioo kijae. Halafu ile nzima nikaifuta. Nimeitafuta mpaka Mbangala. Haipo."

Nje kuku waliingia kwenye kahawa na Ferista hakuwafukuza.

"Kwa hiyo wewe ulimwona," alisema hatimaye.

"Nilimwona."

"Alikuwa amevaa nini? Alikuwa anacheka?"

Hapo ndipo Shaban alipopata mtihani. Ingekuwa rahisi kusema ndiyo, alikuwa anacheka, alivaa shati zuri. Mama yule angekunywa maneno hayo kama maji. Lakini uongo wake wa kwanza ulikuwa bado umemkaa kooni.

"Sikumwangalia, mama. Nilikuwa naangalia mstari uondoke."

Machozi yakamtiririka Ferista bila sauti. Shaban naye akainamisha kichwa, hajui kama aondoke au abaki. Alipokiinua aliiona TV, ya chogo, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Akaomba CD.

Waliitazama pamoja mpaka pale. Lori lilionekana, bosi alionekana, na ile sauti ikatoka nje ya kioo, changa na nene kidogo: *Mzigo umefika salama, bosi.* Shaban alikuwa ameinama mbele. Akarudisha nyuma. Akarudisha tena, akaisimamisha.

"Mama, njoo. Unaona hapa ukingoni, kwenye kamba ya turubai?"

"Vidole."

"Upande huu hakusimama mtu mwingine. Bosi yuko kule, dereva yuko ndani. Hivi ni vyake. Kisu changu kilipita hapa."

Ferista alisogea mpaka pua ikakaribia kioo. Vilikuwa vidole vinne vimeshika kamba, na kipande cha kiganja, basi.

"Siku zote nilidhani ni vya dereva," alinong'ona. Kisha akasema, "Wa kushoto. Ameshika kwa mkono wa kushoto. Ipyana alikuwa wa kushoto. Baba yake alimchapa sana aache, hakuacha."

Akaweka vidole vyake juu ya vile.

Shaban aliaga kwa sauti ya chini, akanyoosha mkono atoe CD kwenye deki na kuifunika TV kama alivyoikuta.

"Nenda salama, mwanangu," Ferista alimwambia bila kugeuka. "Hiyo usiizime."