Mpishi wa Mzinga wa Mwisho

Mama mkubwa wangu alipikia wagonjwa miaka thelathini na mmoja katika jiko la hospitali. Manesi walikuwa na chati zao za homa. Yeye alikuwa na sahani. Troli liliporudi kutoka wodini, alizitazama moja moja kabla hazijatumbukizwa kwenye karai la kuoshea. Iliyorudi tupu, mwenyewe yuko karibu kwenda nyumbani. Iliyorudi nusu, asubiriwe kidogo. Iliyorudi kama ilivyokwenda, alikoroga uji mwepesi na kuupeleka mwenyewe, kijiko mkononi. "Mgonjwa haulizwi uji," alisema, na hata daktari alimpisha njia.

Kwa hiyo mumewe alipougua, alijua kabla yetu sote. Baba mkubwa alikuwa seremala, mtu wa maneno machache na misumari mingi mdomoni. Majuma yake matatu ya mwisho sahani zilirudi kama zilivyokwenda, na mama mkubwa, kwa hofu, akawa mkali. Maneno yake ya mwisho kwa mumewe yalikuwa, "Basi usile. Na mimi sipiki tena." Aliniambia hilo mara moja tu, akiwa amenipa mgongo.

Baada ya mazishi nilihamia kwake, mimi binti wa mdogo wake, eti nimsaidie kazi. Ukweli ni kwamba ukoo ulinituma nimchunge, maana alikuwa amekonda hata ukasema gauni ndilo lililomvaa yeye. Nilipika, akasifu, akaonja, akarudisha. Nilizisoma sahani zake kama alivyonifundisha mwenyewe, na nilichosoma kilinitia hofu.

Baba mkubwa alikuwa ameacha mizinga mitatu nyuma ya nyumba. Tukiwa bado tunapokea wageni wa msiba, nyuki wa mizinga miwili walihama. Kiangazi kilikuwa kikali, maua hakuna, na nyuki mwenye njaa hakai kukupa pole. Ulibaki mmoja, wa mwisho kutoka mikononi mwake, wenye mfuniko uliokwenda upande kwa sababu mikono yenyewe ilikuwa imeanza kutetemeka. Mama mkubwa aliuinua kidogo kwa nyuma, akausikia ulivyo mwepesi.

"Huu hauondoki," alisema. "Huu nitaulisha."

Mimi na nyuki hatupikiki chungu kimoja, lakini ningefanyaje? Nikashika beseni. Siku ya kwanza alifanya alilolizoea: alipikia umati. Alikoroga sukari na maji ya moto, shira ya kutosha wodi nzima, akaiacha uani saa sita mchana, tena akagonga ukingo wa beseni kwa mwiko kama anaita watu mezani. Walikuja. Nyuki wake, nyuki wa jirani, nyuki wa porini. Wengi walizama. Waliobaki walipoimaliza shira walifuata harufu mpaka mzingani, wakaanza kupora hata kile kidogo kilichokuwamo, na mlangoni pakawa vita. Sisi tulishakimbilia ndani. Mama mkubwa alisimama dirishani na mwiko wake, machozi yanamtoka kwa hasira.

"Nimewaitia wezi, mwanangu. Nimewaitia wezi mimi mwenyewe."

Kesho yake alifika afisa anayezunguka kwa baiskeli kuwafundisha wafugaji, ambaye sisi tulimwita Bwana Nyuki. Aliposikia habari ya mwiko alicheka, kisha akauona uso wa mama mkubwa, akaacha kucheka.

"Mama, hapa hupikii wodi. Una mgonjwa mmoja tu, umpelekee kitandani kwake."

Lugha hiyo aliielewa papo hapo. Chupa itobolewe mfuniko kwa msumari mwembamba, igeuzwe kichwa chini ndani ya mzinga, juu ya masega. Iwekwe jioni, wapita njia wakishakwenda kwao. Mlango uzibwe kwa kijiti ubaki upana wa kidole, walinzi waumudu. Sukari iwe nyeupe tu, kikombe kwa kikombe cha maji, maana sukari guru huwaharisha, na asali ya dukani yaweza kuja na ugonjwa wa mzinga mwingine.

"Na mboga?" mama mkubwa akauliza.

"Mboga?"

"Mtoto hakui kwa sukari. Wadogo wao watakula nini?"

Bwana Nyuki alimtazama upya. Alieleza kwamba majana, yaani watoto wa nyuki, hulelewa kwa chavua, ule unga wa maua. Ukikosekana, ukande unga laini wa soya na hamira kidogo kwa shira, uwe donge kama la mkate. Mama mkubwa alikanda donge lile kwa muda mrefu kuliko lilivyohitaji.

Majuma saba alibeba chupa jioni na kuifuata asubuhi. Kila asubuhi ilikuwa tupu, naye aliiinua kwenye mwanga aone vizuri, halafu akaingia ndani akapiga mafunda mawili ya chai. Chai tu.

Asubuhi moja akarudi nayo imejaa. Kesho yake ikajaa tena, naye akaketi kwenye ngazi za jikoni, chupa mapajani, uso umemwisha rangi.

"Wamekataa," alisema. "Najua mwisho wake."

Nilitaka kumwambia asiufungue mzinga. Lakini alishavaa wavu wa uso wa marehemu na kuwasha bomba la moshi wa kuwatuliza nyuki, nami nikamfuata kwa mbali. Aliinua mfuniko uliopinda. Mngurumo ukapanda, mzito, wa nyumba yenye watu. Alitoa sega moja, akaligeuzia jua: lilikuwa limejaa maji matamu ya maua, mabichi, yanang'aa. Mlangoni nyuki walikuwa wakitua na chavua ya njano miguuni: maua yalikuwa yamerudi.

Alilirudisha sega polepole. Alipofunua wavu, mashavu yake yalikuwa yamelowa.

"Hawajanikataa," alisema. "Hawakihitaji tu chakula changu." Aliweka kiganja juu ya mfuniko. "Labda na yeye hakuwa amenikataa."

Nilimkumbatia, na kwa mara ya kwanza nikasahau kuogopa nyuki.

"Umepika nini?" akaniuliza.

"Ndizi na maharage."

"Chumvi umetia, au kama jana?"

Nilimpakulia, nikatoka nje nisimkodolee macho. Niliporudi kuchukua sahani, ilikuwa tupu.